Jinsi Bwana Mokaya Alivyooza kwa Mujibu wa Kielelezo

Kwa mamlaka niliyopewa na kiti ninachokalia, nawatangazia wananchi wote wa Nyanza Kusini kwamba katika mwaka huu wa 1965 idara yetu imefaulu kuviongoza vijidudu vya udongo. Jambo hili halijawahi kufanyika popote. Wazungu walivitazama tu kwa darubini, wakaviacha viende zao. Sisi tumevipa ratiba.

Mimi ni Machuki, Karani Mkuu wa Idara ya Uozaji na Pumzi za Udongo, tawi la Homa Bay. Karani mdogo hatuna, kwa hiyo ukuu wangu haujawahi kupingwa. Naandika taarifa hii kwa sababu kuna maneno yanazunguka sokoni Suna, ati idara yetu ilimzika afisa wake akiwa hai. Huo ni uzushi wa watu wasio na kazi. Tulimzika akiwa Kampala.

Mambo yalianza hivi. Mnyama akifa au nyasi ikikauka, kuna vijidudu chini ya udongo, vidogo kuliko unavyoweza kufikiria, vinavyoila na kuimaliza. Ile mali ya nyasi iitwayo kaboni, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayofanya mkaa uwe mweusi, vinaimeza, kisha vinaitoa kama pumzi. Mwananchi wa kawaida huishi miaka sabini juu ya pumzi hiyo bila kuuliza nani ameiruhusu. Bwana Paul Mokaya aliuliza.

Bwana Mokaya alikuwa Afisa Mratibu wa Vijidudu, daraja la pili, mtu mrefu mwenye mashati meupe sita ya pamba na kalamu tatu. Alikuwa ametunga hesabu aliyoiita Kielelezo. Ukiandika joto, mvua na nyasi upande mmoja wa ubao, Kielelezo kinakuambia upande wa pili vijidudu vitakula kiasi gani na kwa siku ngapi. Jibu lilikuwa siku sitini. Kitu chochote cha pamba au cha nyasi kikizikwa, baada ya siku sitini hakipo.

Sifa kubwa ya Kielelezo ilikuwa namna kilivyoshughulikia mvua. Bwana Mokaya alichukua mvua ya mwaka mzima ya Masara, akaigawa kwa siku mia tatu sitini na tano, akapata kwamba kila siku kunanyesha kidogo, Jumapili pamoja na Krismasi. Kwa hivyo ukame ulikuwa umekwisha tangu Januari tarehe nne, saa tano asubuhi, alipomaliza kugawa. Juu ya ubao aliandika kanuni yetu kwa chaki nyekundu: KIELELEZO NA ARDHI VIKIPINGANA, ARDHI NDIYO YENYE MAKOSA. Mimi nilipiga makofi, na ninasema bila aibu kwamba machozi yalinitoka.

Tulizungushia seng'enge mbuga ya nyasi kavu pale Masara, karibu ekari mia mbili, tukaiita Ploti Nambari Moja. Amri ikasema hakuna mfugo wowote utakaoingia humo kwa malisho, kwa muda wa miaka mitatu, vijidudu visije vikachanganyikiwa. Ndani tukafunika udongo kwa makopo ishirini ya biskuti, kila kopo likiwa na kikombe cha chokaa maalumu inayonasa pumzi. Kazi yangu ilikuwa kuipima chokaa kila jioni nione imekuwa nzito kiasi gani. Januari yote haikuwa nzito hata kidogo.

Kila siku nje ya seng'enge alisimama mama mmoja mjane, Phelesia Awino, na ng'ombe wake. Mbuga hiyo ndiyo iliyokuwa inawavusha kiangazi tangu aolewe. Ng'ombe walikuwa wanatazama nyasi, nyasi inawatazama, na mama anatutazama sisi. Siku moja Bwana Mokaya alikwenda kumwelimisha.

"Bwana Mkubwa," mama akasema, "ng'ombe yangu ilikuwa tisa, sasa imebaki saba. Hii nyasi ndiyo inaokoanga sisi wakati wa kiangazi."

"Mama, hakuna kiangazi," Bwana Mokaya akamjibu kwa upole.

"Hakuna?"

"Kwa wastani, hakuna."

Mama Phelesia aliangalia juu, mbinguni hakukuwa hata na wingu la kuazima. Akaangalia chini, vumbi likampanda miguuni.

"Yawa! Na ile ng'ombe ilianguka jana, ilikufa kwa wastani?"

Bwana Mokaya aliniagiza niandike kwamba mwananchi alitoa maoni. Niliandika.

"Tena hiyo makopo mnapima bure," mama akaendelea. "Hiyo udongo imelala. Ikikauka inalala, hata ufanye nini. Ngoja mvua ya kwanza inyeshe, utaona venye itaamka na njaa. Utasikia harufu yake mpaka kwa nyumba. Na ng'ombe ikikanyaga hapo iache mavi, ndiyo inaamka vizuri zaidi."

"Mama," akasema Bwana Mokaya, "hao ni watumishi wa idara. Watumishi wa idara hawalali."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeegemea nguzo na macho yamefumba. Niliamka upesi nikaunga mkono.

Mwanzoni mwa Februari idara ilichukua hatua. Iliandikwa barua ya onyo kwa vijidudu vyote vya Ploti Nambari Moja, kwa utoro kazini wa siku thelathini mfululizo. Nakala tatu: moja ya faili, moja ya ukuta, na moja niliichimbia chini ili isiwepo sababu ya kusema haikufika. Kisha niliinama nikavisomea kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana hatukujua vimesoma wapi. Havikujibu. Bwana Mokaya aliongeza kosa la utovu wa adabu.

Alichoamua baadaye kilionyesha moyo wake, na nataka hili lijulikane. Aliamua tuzike kitambaa cha pamba kwa siku sitini, tukifukue, na kama kitakuwa kimeliwa, basi ndiyo ushahidi kwamba vijidudu vilikuwa kazini wakati wote na ni makopo yaliyosema uongo. Kitambaa cha idara kilikuwa kimeagizwa tangu uhuru na hakijafika. Bwana Mokaya akafungua sanduku lake, akatoa yale mashati sita.

"Machuki," akaniambia, "zika haya. Mimi nakwenda Kampala, semina ya miezi mitatu juu ya uozaji wa nchi za joto. Hakikisha kila kitu kina fomu."

Akapanda gari akiwa na shati moja tu mwilini, la bluu. Makao makuu Nairobi hawakujua amesafiri, kwa sababu barua ya kuomba ruhusa ilikuwa inangoja saini ya mkuu wa tawi, na mkuu wa tawi ni yeye, na yeye alikuwa Kampala.

Sasa tatizo likawa fomu. Idara ina fomu ya kupokea udongo, fomu ya kurudisha udongo na fomu ya kuomba fomu. Ya kuzika shati haipo. Mtu mvivu angeandika tu kwenye karatasi ya kawaida. Mimi nilitafuta ofisi hadi ofisi mpaka nikapata fomu iliyokuwa na maswali yote niliyoyahitaji: nani anazikwa, wapi, kina gani, tarehe gani, nani shahidi. Ilikuwa fomu ya mazishi. Kwenye jina la anayezikwa niliandika Mokaya, P., kwa kuwa kanuni ya maabara inataka kila sampuli iitwe kwa jina la mwenyewe. Kwenye sababu ya kuzikwa niliandika: Kazi.

Tarehe kumi na tano Februari nilichimba mashimo sita. Fomu ilitaka shahidi awe jirani wa eneo, na jirani aliyekuwepo, kama kila siku, alikuwa mama Phelesia. Alikuwa pamoja na naibu chifu, Bwana Jared, aliyekuja kumsaidia kuinua ng'ombe mmoja aliyeshindwa kusimama. Mama akamwomba Jared amsomee karatasi kabla ya kuweka kidole. Jared akasoma yote, kwa sauti ile anayosomea amri za barazani.

"Kina, inchi sita," akasoma, akanitazama. "Bwana Karani, inchi sita tu? Fisi itamfukua."

"Fisi hawaruhusiwi kuvuka seng'enge," nikamjibu.

Mama Phelesia aliyaangalia yale mashati meupe yaliyokunjwa vizuri kando ya mashimo.

"Na mwenyewe ako wapi?"

"Kampala, kwa semina."

"Kampala. Lakini karatasi inasema anazikwa hapa." Akaigusa kola ya shati moja. "Bwana Karani, sisi Wajaluo nguo ya mtu haiingii kwa ardhi peke yake. Inaingia na mwenyewe. Kweli unataka mimi niweke kidole?"

"Weka, mama. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu," akasema polepole, akamtazama Jared, Jared akamtazama yeye. Akaibonyeza ile karatasi mpaka wino ukatokea upande wa pili. Kisha akaomba nakala, na kwa kuwa idara yetu haina siri kwa wananchi, nilimpa.

Siku ya nne baada ya kuzika, nikiwa ndani ya hema langu la Masara, nilisikia pembe zinalia na ardhi inatetemeka. Nilitoka mbio. Lango la seng'enge lilikuwa wazi, na ng'ombe zaidi ya mia wanaingia Ploti Nambari Moja katika vumbi zito, wanaume nyuma yao na mikuki na matawi, wanaimba. Mbele kabisa alikuwa naibu chifu Jared, amejifunga majani kiunoni na kofia ya serikali kichwani. Nyuma ya wote walikuja ng'ombe saba wa mama Phelesia. Hao hawakuwa na nguvu za kukimbia. Walitembea tu, vichwa chini, wakila kila hatua.

"Simama! Hairuhusiwi!" nikapiga kelele. "Mifugo hairuhusiwi!"

"Bwana Karani, unakataza watu matanga?" Jared akauliza, akitoa nakala ya fomu chini ya majani. "Mtu mkubwa akizikwa, tunafanya tero buru. Ng'ombe inaenda kukimbiza kifo, isibaki hapa ikamaliza watu. Wewe mwenyewe ulizika."

"Lakini amri inasema..."

"Amri inasema mifugo isiingie kwa malisho. Hii haikuja kwa malisho. Imekuja kwa kilio."

Nilisoma amri tena, herufi kwa herufi. Ilisema kwa malisho. Kuhusu kilio haikusema kitu. Mimi si mtu wa kuongeza neno katika amri ya mkubwa wangu.

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Marehemu alikuwa daraja gani?"

"La pili."

Wazee walishauriana kidogo. "Basi wiki sita," akasema Jared. "Ingekuwa la kwanza, tungekaa mpaka Juni."

Nilikubali, ila kwa masharti makali kwamba waombolezaji wenye pembe wasikanyage makopo. Walikanyaga kumi na saba. Mama Phelesia alikuja kila asubuhi kuomboleza na ng'ombe zake, na ilikuwa huzuni ya kweli, kwa sababu ilianza alfajiri na kumalizika jioni. Katika wiki ya tatu ng'ombe wake mmoja alizaa katikati ya msiba.

Mwishoni mwa Machi mvua ikanyesha. Ilianza mchana, matone makubwa, na kabla sijafunga hema harufu ya udongo ilinipiga puani hadi nikapiga chafya. Jioni nilipima chokaa ya makopo matatu yaliyobaki. Mzani ulilala upande mmoja. Nikadhani umeharibika, nikapima kalamu yangu, kalamu ilikuwa ile ile. Udongo ulikuwa umeamka na kupumua kwa pupa, pumzi za miezi mitatu kwa alasiri moja, na pale ng'ombe walipokuwa wameacha mavi na kukanyaga nyasi, ulipumua mara mbili. Mama Phelesia alikuwa amesema hivyo hivyo, lakini kwa kuwa hakusema kwa fomu, sikuweza kulitumia neno lake.

Tarehe kumi na sita Aprili, siku ya sitini, nilifukua. Mashati sita yalikuwa hayapo. Kola hazikuwepo, mikono haikuwepo. Vilibaki vifungo arobaini na viwili, nilivihesabu mara mbili. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka peke yangu kwa furaha. Siku sitini kamili! Niliandika ripoti siku hiyo hiyo, nikaambatanisha fomu, nikatia vifungo ndani ya bahasha ya kaki, nikatuma Nairobi. Ripoti ilikuwa fupi, maana Bwana Mokaya hapendi maneno mengi. Ilisema: *Mokaya, P., aliyezikwa Masara tarehe 15 Februari, ameoza asilimia mia moja katika muda uliowekwa. Mabaki yameambatanishwa.*

Majibu yalikuja upesi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Makao makuu walipongeza matokeo. Walisikitika kwa msiba. Walisema dakika moja ya kimya ilifanyika ghorofa ya pili, na kwamba hakuna afisa mwingine katika historia ya idara aliyejitoa kwa utafiti kiasi hicho. Mwishoni walisema Bwana Gisiri wa Ntimaru anakuja kushika nafasi, pamoja na vifungo, ambavyo ni mali ya marehemu na vikabidhiwe jamaa yake wa karibu.

Bwana Gisiri alifika tarehe tatu Mei. Ni kijana wa kanuni, anayesoma faili kuanzia jalada. Alisoma siku mbili bila kula. Alipoinua kichwa alisema, "Huyu marehemu alikuwa na akili. Tangu afariki kazi imekwenda vizuri sana."

Katikati ya Mei, Bwana Mokaya akarudi kutoka Kampala na cheti chake, na shati lile la bluu sasa halikuwa na kifungo hata kimoja. Alimkuta Bwana Gisiri kwenye kiti.

"Wewe ni nani?" Bwana Mokaya akauliza.

"Mimi ni Afisa Mratibu wa Vijidudu. Na wewe?"

"Mimi ndiye Mokaya!"

Bwana Gisiri alisimama kwa heshima, kwa ajili ya jina. Kisha akakaa. "Mokaya alizikwa tarehe kumi na tano Februari. Leo ni siku ya tisini. Kielelezo kinasema siku sitini anakuwa amekwisha."

"Ni mashati! Machuki, mwambie ni mashati!"

Niliwaunga mkono wote wawili.

"Sikatai kwamba unasimama hapo," Bwana Gisiri akasema. "Lakini Kielelezo kinasema hupo." Akageuka pamoja na kiti, akaelekeza rula kwenye ubao, kwenye ile chaki nyekundu ambayo hakuna aliyethubutu kuifuta. "Vikipingana, nani ana makosa?"

Bwana Mokaya aliusogelea ubao. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Kanuni zina huruma, hata hivyo. Bwana Gisiri alipekua akapata kwamba fomu ya mazishi inaweza kubatilishwa na shahidi aliyeitia kidole, na si mtu mwingine. Tukapanda gari, sisi watatu, tukaenda Masara.

Mama Phelesia alikuwa anakamua mbele ya nyumba yake, karibu na lango la mbuga. Ng'ombe zake walikuwa saba na ndama mmoja, na mbavu zao hazikuhesabika tena. Alifuta mikono kwenye leso, akatusalimu wote, akatuuliza habari za nyumbani. Bwana Mokaya hakuweza kungoja.

"Mama, ni mimi. Wewe unanijua. Tuliongea hapa hapa, ukaniambia habari ya udongo kulala. Waambie."

Mama alimtazama kwa makini sana, tangu viatu hadi nywele. Kisha akamuuliza Bwana Gisiri, "Na hii seng'enge, baba, sasa ni ya nani?"

"Si ya mtu yeyote, mama. Ilikuwa amri ya marehemu, na amri ya afisa hukoma siku anayozikwa."

"Na nikisema ni yeye?"

"Basi amri inarudi pamoja naye. Miaka mitatu, kama ilivyoandikwa."

"Nitaifuta!" Bwana Mokaya akapaza sauti. "Mama, naapa, nitaifuta leo!"

"Marehemu hawezi kufuta amri," Bwana Gisiri akamkumbusha. "Kwanza utambuliwe, seng'enge irudi, halafu uombe kamati. Kamati inakaa kila Januari."

Ndama alikuja akamsukuma mama kwa kichwa. Mama akamkuna sikio, bila haraka. Nilimwona Bwana Mokaya anakitazama kile kidole gumba kinavyopanda na kushuka katika manyoya, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nilimwonea huruma mtu wa daraja la pili.

"Pole sana, baba," mama Phelesia akasema mwishowe. "Unafanana na yeye kabisa. Hata sauti. Lakini Bwana Mokaya tulizika vizuri, tukalia yeye wiki sita, na ng'ombe zote za hapa ni shahidi. Wewe ni ndugu yake?"

Bwana Gisiri, ambaye hawezi kuona pengo bila kulijaza, alitoa mfukoni bahasha ya kaki pamoja na karatasi. Alieleza kwamba mali ya marehemu ilikuwa bado haijachukuliwa, na kama kuna jamaa yupo hapa, atie saini apewe. Bwana Mokaya aliitazama bahasha. Akalitazama shati lake lililo wazi mpaka tumboni, upepo unaingia na kutoka. Akaichukua kalamu, na pale palipoandikwa *jamaa wa karibu wa marehemu* akatia saini yake nzuri ninayoifahamu.

Niliikagua, nikagonga muhuri, nikafunga faili. Mama Phelesia alimkaribisha uji na akaingia ndani kumtafutia sindano na uzi, kisha akafungua lango, na ng'ombe wakaingia mbugani kula.